Mwaka Mashine ya Bi Tatu Ilipokataa Kuwaka

Rukia alinipigia simu asubuhi, nikiwa dukani kwangu Kilwa Masoko namchapia mtu barua ya maombi ya kiwanja. Hakunisalimu. Alisema tu, "Zai, Bi Tatu katutoka." Nilipokata simu nilibaki nimekaa, mikono mapajani, nikaisahau barua ya watu, na kioo cha kompyuta kikajizima chenyewe kama kilivyozoea kisipoguswa. Nikashtuka. Nimeshazaa, nimeshazika, nimeshafika umri wa kuamkiwa shikamoo na watu wenye ndevu, lakini mpaka leo kioo kikiwa cheusi mbele yangu ghafla mikono inaingia baridi. Wanangu hunicheka. "Mama, si uguse tu, itawaka!" Wao wamezaliwa simu zipo, wanadhani kila kinachozima huwaka kikiguswa. Sijawahi kuwaeleza, na siku ile nikiwa ndani ya basi kwenda Lindi mazikoni niliona kwamba nisipoandika sasa, aliyebaki wa kuyasema ni Rukia peke yake, na Rukia si mtu wa kusimulia.

Habari za kwetu na jinsi nilivyofika Mtanda, mtaa wa Lindi mjini, nitaziacha, kila mtu ana kwao. Ninachotaka kukisimulia ni mwaka mmoja, nilipokuwa msichana niliyemaliza shule juzijuzi, nikaishi na kufanya kazi kwa Bi Tatu. Nilipoingia ndani siku ya msiba, wanawake wakiwa uani wanachambua mchele, nilisimama katika kile chumba cha mbele nikakipima kwa macho. Kumbe kilikuwa kidogo namna ile! Wakati ule nilikiona kikubwa, labda kwa sababu kilikuwa na hofu nyingi. Palikuwa na meza ya mninga chini ya dirisha, stuli mbili, shuka jeupe ukutani kwa ajili ya kupigia picha za pasipoti, na juu ya meza mashine yenyewe, kompyuta ya Bi Tatu, imefunikwa kanga kuanzia kioo mpaka sanduku. Pazia lilitenga chumba hicho na ukumbi wa kulia chakula, ambako asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi na muhogo wa kuchemsha, na mchana tukala ugali na kisamvu cha nazi. Kila kilichosemwa upande mmoja wa pazia kilisikika upande wa pili. Nusu ya ninayoyajua kuhusu watu wa Mtanda niliyasikia nikiwa na tonge mdomoni.

Bi Tatu alikuwa mjane, mwembamba, mkali, mwenye ulimi unaoweza kumenya ndizi. Alichapa barua, alipiga picha, lakini kilichompa jina kilikuwa video za shughuli za wanawake. Kwetu pwani siku ya singo bibi harusi anasuguliwa liwa, anapakwa hina, na wanawake waliojifunika mwaka mzima wanavua mabuibui, wanaachia nywele, wanacheza mpaka jasho linachuruzika. Mwanamume haingii, wala hasogelei ua. Nani basi apige picha? Bi Tatu alinunua kamera, akanifundisha kuishika, na tukawa tunaitwa mpaka Mtama kwa sababu moja tu: picha zetu hazikupita katika mikono ya mwanamume hata mmoja. Mimi nilirekodi, mimi nikaziingiza kwenye mashine, mimi nikazikata na kuziunga. Bi Tatu aliketi nyuma yangu akitafuna korosho na kutoa amri. Na kila Alhamisi jioni aliifukiza mashine. Nasema kweli. Alifungua ubavu wa sanduku, akaweka chetezo chini, na moshi wa udi na ubani ukapanda humo ndani mote kuondoa husuda za washindani. Dirisha lenyewe lilitazama baharini na halikufungwa kamwe, upepo wa chumvi ukaingia utakavyo. Mimi nilikuwa naona raha, mashine inanukia kama bibi harusi.

Aliyekuja kuitazama ilipougua alikuwa Fundi Nassoro wa Mtama, mtu wa makamo, mcha Mungu, mpole. Alikuja Lindi siku za Ijumaa, akaswali, kisha akapita kwa wateja wake. Alipenda kufundisha, nami nilipenda kuchungulia. Siku moja nilimlalamikia kwamba picha zinakwamakwama, mtu akiinua mkono kucheza anaonekana kainua, mara kashusha, katikati hakuna kitu. Akawasha mashine huku akibonyeza kitufe cha kufutia, ukatokea ukurasa wa buluu ambao sikuwahi kuuona, wenye maandishi meupe tu bila picha hata moja. "Huku ndiko mashine inakofikiria kabla haijaamka," alisema. "Sasa sikiliza, binti. Kadi yako ya picha haina kumbukumbu yake. Inakula kwenye kumbukumbu ya mashine nzima, sufuria moja. Hapa ndipo unapoipakulia. Imepewa megabaiti nane, ndiyo maana inakwama. Unaweza kuipa kumi na sita, thelathini na mbili, hata sitini na nne. Lakini ukiipakulia kupita kiasi, mashine yenyewe italala na njaa." Siku hiyo hakuibadilisha, kwa sababu umeme ulikuwa unacheza, na alisema umeme ukikatika ukiwa ndani ya ukurasa ule mashine inaweza isiamke tena. Maneno hayo niliyameza kama dawa chungu.

Rukia nilisoma naye darasa moja. Alikuwa mcheshi, wa kuigiza walimu, na siku ya singo yake alicheza hata somo yake, yaani kungwi wake, akamwambia apunguze, bibi harusi hafurahi hivyo. Nilirekodi yote. Mama yake yumo, kichwa wazi, na bibi yake aliyeletwa kutoka Kikole yumo, kizee cha watu kinakata kiuno kwa ustadi ambao siwezi kuuandika hapa. Baada ya kuiingiza video kwenye mashine, Mama Rukia alitaka kanda za kamera zichomwe mbele ya macho yake. Tulizichoma uani kwenye jiko la mkaa, zikatoa moshi mweusi wa kukera pua. Wakati ule kila mwanamke aliogopa. Kulikuwa na hadithi ya kanda ya singo iliyovuja katika mji mmoja huko juu, ikaonyeshwa kwenye kibanda cha video, wanaume wakalipa kiingilio. Mji wenyewe sitautaja, kwa sababu kila aliyesimulia alitaja wake. Kwa hiyo video ya Rukia ikabaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya sanduku la Bi Tatu, ikisubiri mimi niikate, niitie kwenye sidii moja ya kuwekwa sandukuni kwa Mama Rukia, kisha niifute.

Mume alikuwa Hemedi, mfanyabiashara wa korosho wa Mtama, nadhifu, mwenye sauti laini. Wiki kadhaa baada ya harusi alimleta Rukia kwao Mtanda kumsalimia mama yake, nami nilikuwa nyumbani kwao nasaidia kupakua. Nilikuwa ukumbini na sinia la pilau, barazani wamekaa Hemedi na wazee wawili, mmoja wao Mzee Kassimu, mjomba wake Rukia. Mtu akataja video. Hemedi akauliza, video gani? Nilisikia kijiko kikiwekwa chini. Akataka ifutwe siku hiyohiyo. Mama Rukia akasihi kutoka nyuma ya mlango kwamba humo yumo mama yake mzazi, mzee, hajulikani kama mwakani atakuwepo. Mzee Kassimu naye akasema, "Ni ya wanawake hiyo, mwanangu, imo mikononi mwa wanawake." Hemedi akacheka kidogo, akasema kwa sauti ileile laini, "Haya, iacheni. Lakini nyinyi ni mashahidi. Wallahi, siku mwanamume yeyote atakapouona uso wa mke wangu humo, Rukia si mke wangu, talaka tatu." Mzee Kassimu akamwambia, "Hemedi, talaka haichezewi," naye akajibu kwamba hachezi. Niliweka sinia chini palepale ukumbini. Kwetu neno hilo likishatoka, limetoka. Halingoji hasira iishe wala mtu asamehe. Tangu dakika ile ndoa ya rafiki yangu ilikuwa imelala ndani ya sanduku la bati juu ya meza yetu, na ufunguo ninao mimi.

Bi Tatu aliposikia aliacha kula. "Maliza hiyo kitu," aliniambia. "Maliza, mpe mama yake, ifute, nilale usingizi." Nikakaa nayo. Lakini picha zilikwama vibaya kuliko zamani, kila nikikata mashine inaganda. Niliogopa kuchelewa kuliko nilivyoogopa kitu kingine chochote, na hofu haina akili. Nikaizima, nikaiwasha na kidole juu ya kitufe, nikaingia ukurasa wa buluu. Nikatafuta mstari ule, nane, nikapandisha mpaka sitini na nne. Nilijiambia, ikipewa nyingi itakwenda haraka na haya yataisha leo. Ikaniuliza kama nihifadhi, nikakubali. Kioo kikazima. Nikangoja. Kisha sanduku likalia pii moja ndefu, likanyamaza, likalia tena. Kioo kikabaki cheusi, na humo nikaona uso wangu tu, mdomo wazi.

Siku zilizofuata nisingemwombea adui yangu. Nilijaribu kuwasha mpaka kidole kikauma. Bi Tatu alinitukana matusi yake yote ya bei nafuu, kisha akaishiwa. Akasema fundi ataitwa Ijumaa, hakuna njia nyingine, mashine ina kazi za watu na ndiyo inayotulisha. Nikamwambia, "Bi Tatu, Fundi Nassoro akishaitengeneza hufungua video kuona kama kadi imepona. Umesahau? Ya mwisho kufunguliwa ni ya Rukia." Akasema atakaa pembeni yake amkataze. Nikauliza, na ikijifungua yenyewe? Baadaye nilimsikia nyuma ya pazia akimwambia jirani kwamba afadhali aitie mashine kwenye kapu aende akaitumbukize baharini, ajulikane kuwa ni mwendawazimu. Jirani akamuuliza kama maji ya chumvi hufuta picha. Wakalijadili jambo hilo kwa makini kama mashehe wawili, nami upande wangu nimekaa na bakuli la uji linapoa, nalia.

Na Hemedi akaja. Alikuwa amemwacha Rukia kwa Mama Rukia, amepanga kumfuata Ijumaa baada ya swala. Alisimama mlangoni akabisha hodi vizuri, akasema anataka picha ya pasipoti. Nilimweka mbele ya shuka, nikapiga. Alipomaliza hakutoka. Aliisogelea meza, akashika pindo la kanga kwa vidole viwili, akalinyanyua taratibu. "Ndiyo hii?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akainama akajitazama kwenye kile kioo cheusi, akajiweka sawa kofia, akatabasamu. "Mbona imezimwa?" Nikamwambia tunapumzisha umeme. Akanitazama kwa muda ambao hakuna sababu ya mtu kumtazama mtu, kisha akasema, "Wewe ndiye rafiki yake. Nakujua." Akarudisha kanga ilivyokuwa, akainyoosha mikunjo, akaenda zake. Hakunigusa wala hakunitukana, lakini nilikomea mlango nyuma yake mchana kweupe.

Rukia naye alipita kila siku. Nilimwona amebadilika, nikadhani ni ukubwa wa ndoa. Haigizi mtu. Nilipompakulia chakula alikula haraka akiwa amekumbatia sahani, na siku ya kwanza, mbele ya mtungi wetu, aliniuliza, "Ninywe maji?" Nikacheka, nikamwambia tangu lini unaomba ruhusa ya maji hapa? Akanywa nusu kikombe, akakiweka chini. Kila alipokuja aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: "Haijawaka?" Nikamwambia bado. "Kwa hiyo fundi atakuja?" Nikasema ndiyo, Ijumaa. Alikaa akiitazama mashine, macho hayapepesi, nikamhurumia mpaka roho ikaniuma. Nikajiapiza kwamba fundi hataikuta ikiwa imekufa.

Alhamisi asubuhi Bi Tatu alikwenda kuhani msiba mtaa wa pili. Nikabandika mihogo jikoni, nikafunga mlango wa mbele, nikachomoa waya ukutani, nikafungua ubavu wa sanduku. Harufu ya udi ilinipiga usoni kama nimefungua kabati la mzee. Nilikuwa nimemwona Fundi Nassoro akifanya mambo mawili, nikayashika hayo hayo. La kwanza, kwenye ubao mkubwa kuna betri ya duara, kama ya saa ya mkononi, ndiyo inayoifanya mashine ikumbuke yale uliyoiambia kwenye ukurasa wa buluu. Ukiitoa na kuiacha kando kwa muda, inasahau. Niliibandua kwa ncha ya pini ya ushungi. La pili, kuna vijiti viwili vya kumbukumbu, mafundi wanaviita RAM, vimesimama kwenye nafasi zao, kimoja kikubwa kimoja kidogo. Nilipokichomoa kile kikubwa nikaona meno yake ya dhahabu yamefunikwa utando wa kahawia unaonata. Fundi alinieleza baadaye sana kwamba moshi wa Bi Tatu na chumvi ya baharini vilikuwa vimekifungia nje kijiti hicho, mashine haikioni tena, kikabaki kidogo peke yake, na hicho kidogo ndicho nilichokipakua chote nikaipa kadi ya picha. Siku ile sikujua chochote. Nilichukua kifutio changu cha shule nikayasugua yale meno taratibu, huku nasoma Yasini kwa sauti, mpaka yakang'aa. Mihogo ikaiva. Nikala kipande kwa chumvi nikiwa nimesimama, sikusikia ladha yake. Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikawasha, nikafumba macho.

Ikalia pii fupi moja, ile ya salama. Nilipofumbua macho mashine ilikuwa inaamka, na nilipoingia ukurasa wa buluu nikakuta imesahau sitini na nne zangu, imerudi nane. Video ya Rukia ilikuwepo. Inakwama, lakini ipo. Nilisujudu palepale kati ya meza na stuli.

Ijumaa asubuhi Rukia alipoingia nilimfungia pazia, nikamwonyesha. Alijiona kwenye kioo anacheka, nywele zimesukwa, hina mpaka kwenye viwiko. Akakaa chini mkekani akalia kwa kwikwi. Nikadhani ni furaha, nikawa nampapasa mgongo na kumwambia yamekwisha, ndoa yako salama. Akainua uso.

"Nani kakwambia uitengeneze?"

Sikumwelewa. Akasema tena, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Nilikuwa naomba isiwake, Zai. Nilikuwa namngoja fundi. Nilitaka aje, aitengeneze, aifungue, aione. Usiku na mchana naomba hilo tu." Kisha akaniambia anavyoishi Mtama. Mlango unafungwa kwa nje. Anapimiwa maji kwa kikombe, kwa sababu mume anasema mwanamke anayekunywa maji mengi anatafuta kisingizio cha kwenda chooni uani aonekane na majirani. Amemwambia mama yake, mama akasema avumilie, akipata mtoto mume atatulia. Ameomba talaka, Hemedi akamjibu kwa upole kwamba atatoka kwake akiwa kwenye jeneza. "Kajifunga mwenyewe kwa ulimi wake," alisema Rukia. "Hakuna mlango mwingine. Fundi akija leo mwonyeshe."

Nilishikwa na hofu ya namna nyingine kabisa. Wiki nzima nilikuwa naogopa mwanamume asione, sasa nilikuwa naombwa nimwite atazame. "Na wengine?" nikamuuliza. "Mama yako yumo kichwa wazi. Bibi yako yumo. Waliniamini, Rukia." Akasema, "Nikate mimi. Mimi peke yangu. Uso wangu ndio uliotajwa kwenye kiapo, si wa mtu mwingine." Hapo pazia likafunguka. Bi Tatu alikuwa amesimama na sinia la korosho, na kwa sura yake nikajua alishasikia kila kitu. Nilingoja matusi. Aliweka sinia chini, akaenda kukomea mlango wa mbele, akarudi akakaa kwenye stuli yake nyuma yangu. "Mkate peke yake," alisema. "Na mwingine hata kisigino kisionekane. Kikionekana, Zai, mimi na wewe hatutaonana mbinguni."

Nikajaribu kukata. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo Rukia yuko peke yake, pafupi, pale walipomsimamisha kwenye taa kuonyesha hina kabla wenzake hawajamzunguka. Lakini kwa nane zile picha iliganda kila nilipofika hapo, na ikitoka kuganda inaruka mbele, mama yake ameshaingia. Sikuweza kukata mahali pake. Nikajaribu tena na tena, mpaka adhana ya Ijumaa ikasikika, na wote watatu tukajua kwamba swala ikitoka fundi anakuja, na Hemedi anakuja. Bi Tatu akaniuliza, "Huko kwenye ubuluu huwezi kurudi?" Nikamwambia ndiko nilikoiulia. Rukia alinishika bega.

Nikaizima. Nikaiwasha kidole kikiwa juu ya kitufe, ukurasa wa buluu ukafunguka. Nane. Nikapandisha kumi na sita, nikapandisha thelathini na mbili, nikasimama hapo. Taa ya ukutani ikafifia, umeme ukapungua kama unaotaka kukatika, na Bi Tatu nyuma yangu akasema "Yaa Latifu" kwa sauti ya mtu anayezama. Taa ikarudi. Mashine ikaniuliza kama nihifadhi. Nilijua ikizima sasa haitawaka kabla fundi hajafika, na Rukia atapanda gari kurudi Mtama jioni ileile. Nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Ikalia pii fupi. Ikaamka, na video ikatiririka laini kabisa, nikaona kila kidole cha Rukia kinavyopinda. Nikakata mbele, nikakata nyuma, nikaweka kipande kile peke yake. Bi Tatu alikitazama mara nyingi, pua imegusa kioo, akitafuta kisigino. Hakuona.

Fundi Nassoro alipobisha hodi Rukia alikuwa ameshavaa buibui, ametanda mpaka mdomoni. Shikamoo fundi, marahaba wanangu, akavua viatu. Nikamwambia, na sauti sikuitambua kuwa yangu, kwamba nimeipakulia kadi kumbukumbu kama alivyonifundisha, namwomba aangalie kama picha haikwami. Akainama kwenye kioo. Nikabonyeza. Alitazama mpaka mwisho, maana alikuwa anatazama kazi, kisha akatanabahi akageuza uso. "Astaghfirullah. Hii ni ya ndani, binti, mngeniambia." Kisha akaongeza, "Lakini haikwami. Umeweka thelathini na mbili?" Rukia akasogea mbele yake, akashusha mtandio. "Fundi, uliyemwona humo ni nani?" Yule fundi akamtazama, akatazama chini. "Ni wewe." Rukia akamuuliza kama anaweza kulisema hilo mbele za watu. Fundi Nassoro alikuwa mtu wa Mtama, kiapo alikuwa amekisikia kama wote walivyokisikia, na nikamwona usoni akielewa ameletwa kufanya nini. Aliokota viatu vyake. "Nikiulizwa nilichokiona," alisema mwishowe, "sitasema uongo na nimetoka kuswali."

Nje sauti zikasikika, watu wanatoka msikitini. Kati yao ile sauti laini, inamuuliza Bi Tatu kupitia dirishani kama mkewe, aliyeambiwa yuko kwetu, yuko tayari. Rukia akafungua mlango yeye mwenyewe. Hemedi alikuwa kwenye ngazi na kanzu yake nyeupe, Mzee Kassimu pembeni yake, na nyuma yao wanaume wa mtaa wakipita. Rukia akamwambia kwa maneno machache, bila kupaza sauti, kwamba fundi ameuona uso wake humo. Hemedi akasema ni mwongo. Fundi Nassoro akatoka nyuma yangu, viatu mkononi, akasema, "Nimemwona, Hemedi. Allah ni shahidi." Hemedi aliinua mkono, na nakiri nilifumba macho. Nilipofumbua, Mzee Kassimu alikuwa ameushika ule mkono katikati ya hewa, ameung'ang'ania kwa mikono yake yote miwili ya uzee.

"Maneno yalikuwa yako mwenyewe," alimwambia. "Nilikukataza."

Watu walikuwa wamesimama barabarani. Rukia alikuwa bado kizingitini, hajarudi ndani wala hajashuka ngazi. Nilimwona mgongo wake unapanda na kushuka kwa pumzi, nikajua anaogopa sawasawa na mimi. Kisha akasema, "Nguo zangu nitatuma mtu azifuate."